Nafasi Baina ya Magurudumu Mawili

Mvua kubwa ikiisha kunyesha wakati wa mavuno, simama kando ya shamba la mahindi huko Trans Nzoia au Uasin Gishu, ungoje trekta lipite likivuta trela lililojaa magunia. Usiutazame mzigo, wala usimtazame dereva. Tazama ardhi iliyo nyuma yao. Ukiona mistari miwili tu katika matope, ujue kwamba magurudumu ya trela yalikanyaga pale pale palipokanyagwa na magurudumu makubwa ya nyuma ya trekta. Ukiona mistari minne, ujue kwamba kila gurudumu lilijichimbia njia yake, na yamkini hutakwenda mbali kabla ya kulikuta trekta lenyewe limekwama, linatoa moshi mweusi, na watu sita wanalisukuma trela kwa mabega.

Tofauti ya mistari miwili na mistari minne ni inchi chache tu. Gurudumu la kwanza lipitalo juu ya udongo laini hulipa ushuru wa njia: huusukuma udongo chini na kando, na nguvu nyingi ya injini huishia katika kazi hiyo. Gurudumu lifuatalo nyayo za mwenzake hupita juu ya udongo uliokwisha kushindiliwa, nalo halidaiwi ushuru mkubwa tena. Lakini likitoka nje ya nyayo hizo kidogo tu, hulipa upya, tena hulipa pande zote mbili. Kwa sababu hiyo mkulima mwenye busara, kabla ya kulifunga trela lake, huchukua kamba akapima nafasi kutoka katikati ya tairi moja mpaka katikati ya tairi la pili, kwanza katika trela, kisha katika trekta. Zisipolingana, hushika spana. Trela kwa kawaida halibadiliki. Trekta ndilo litakalosogeza magurudumu yake.

Kwamba gurudumu la trekta laweza kusogezwa ni jambo linaloonekana leo kuwa dogo na la kawaida. Halikuwa hivyo. Historia yake ni ndefu kuliko historia ya injini, nayo haisimuliwi sana shuleni, labda kwa sababu habari za wafalme na vita hupendeza zaidi. Hata hivyo, mtu wa kwanza tutakayekutana naye hapa ni mfalme, tena mwenye vita vingi.

Mwaka 221 K.K. Qin Shi Huang alimaliza kuzishinda falme zote jirani akawa mfalme mkuu wa kwanza wa China nzima. Mwandishi wa tarikhi Sima Qian, aliyeishi yapata karne moja baadaye, ametuachia habari ya amri alizozitoa. Aliamuru mizani iwe moja, vipimo viwe vimoja, na maandishi yawe ya namna moja. Pamoja na hayo aliamuru kwamba magari ya farasi yawe na upana mmoja, futi sita za Kichina, ambazo ni pungufu kuliko futi sita za Kiingereza. Msomaji atauliza, Mfalme mkubwa kama huyu ana haja gani na upana wa gari? Jibu limo katika udongo. Kaskazini mwa China ni nchi ya vumbi la manjano, laini kama unga, na gari likipita mara nyingi huchimba mifereji miwili iliyo mirefu kwenda chini. Gari lenye upana mwingine likifika katika njia hiyo haliwezi kutumbukiza magurudumu yote mawili. Moja huzama, la pili hupanda ukingoni, na gari huinama. Kabla ya amri ile, falme zile zilikuwa na magari ya upana mbalimbali, na gari la ugenini lilipata taabu katika barabara za wenyeji. Mfalme aliyetaka jeshi lake na nafaka za kodi zipite kila mahali hakuweza kulivumilia hilo.

Warumi nao waliyajua hayo kwa njia yao. Katika mji wa Pompeii, uliozikwa na majivu ya mlima Vesuvius mwaka 79 baada ya Kristo, mawe ya barabara yamekatwa na magurudumu mpaka yana mifereji. Kukivuka njia kuna mawe makubwa yaliyowekwa ili watu wapite bila kulowa miguu, na baina ya mawe hayo pana nafasi za magurudumu. Gari lililozidi kiasi halikuweza kupita hapo.

Desturi hiyo ilidumu mpaka siku zilizo karibu nasi. Henry Ford alipoanza kuuza motokaa yake iitwayo Model T mwaka 1908, nafasi baina ya magurudumu ilikuwa inchi 56. Lakini katika majimbo ya kusini mwa Marekani magari ya farasi yalikuwa yamechimba barabara za udongo kwa nafasi ya inchi 60. Ford, ambaye hakuwa mtu wa kupenda kutengeneza kitu kimoja kwa namna mbili, alilazimika katika miaka ya mwanzo kuwauzia watu wa kusini motokaa yenye magurudumu yaliyotengana inchi 60. Kiwanda kikubwa kilitii nyayo za nyumbu! Na sisi Wakenya hatuna haja ya kucheka, maana tunayo mifano yetu. Reli iliyoanzwa Mombasa mwaka 1896 na kufika ziwani mwaka 1901 ilijengwa kwa nafasi ya meta moja. Ile iliyofunguliwa mwaka 2017 kutoka Mombasa hadi Nairobi ina nafasi ya milimita 1,435. Behewa la reli moja haliwezi kukanyaga reli ya pili hata kama zimelazwa bega kwa bega.

Sasa tuje shambani, maana huko ndiko taabu ilikozidi. Mwenye gari la barabarani humtii bwana mmoja, yaani barabara. Mkulima ana mabwana wengi. Mahindi yana nafasi yao, pamba ina yake, viazi vina matuta yao, mlango wa ua una upana wake, na trela lina magurudumu yake. Farasi na maksai waliwatii mabwana hawa wote bila kusumbua mtu, kwa kuwa mnyama hupita palipo na nafasi ya mwili wake na huweka mguu mahali pasipo na mche. Kwa kweli, ni mnyama aliyeiweka nafasi ya mistari. Katika nchi ya mahindi ya Marekani mistari ilipandwa kwa kuachana inchi 40 au zaidi kidogo, wala si kwa sababu mahindi yalihitaji hivyo. Ni kwa sababu farasi au nyumbu alihitaji kupita katikati akivuta jembe la palizi bila kuyavunja.

Mwaka 1917 Ford alianza kutoa trekta lake liitwalo Fordson. Lilikuwa dogo na rahisi, na baadaye bei yake ilishushwa sana: mwaka 1922 liliuzwa kwa dola 395. Kabla ya kazi hiyo kusimamishwa nchini Marekani mwaka 1928, yalikuwa yametengenezwa zaidi ya matrekta 700,000. Mtu angedhani kwamba farasi amekwisha. Hakwisha, na sababu yake ilikuwa ile ile nafasi baina ya magurudumu. Fordson lilikuwa fupi kwa kimo, tumbo lake karibu na ardhi, na magurudumu yake ya chuma yalifungwa mahali pamoja pasipobadilika. Liliweza kulima na kuvuta. Lakini mahindi yalipochipua likawa halina kazi, kwa maana halikuweza kuingia shambani bila kuikanyaga miche na kuivunja kwa tumbo. Na palizi ndiyo kazi isiyongoja! Basi mkulima aliyenunua trekta alibaki na farasi wake vilevile kwa ajili ya palizi, akawa analisha wawili: mmoja anakula mafuta ya taa, wa pili anakula nyasi na shayiri. Yapata mwaka 1915 farasi na nyumbu wa Marekani walikuwa karibu milioni 26, na sehemu kubwa ya mashamba ya nchi ile ilikuwa ikilimwa si kwa ajili ya watu bali kwa ajili ya matumbo yao. Kwa mkulima mdogo hesabu hii ndiyo iliyomfanya apate faida au auze shamba.

Kampuni ya International Harvester ilikuwa na fundi mmoja, Bert R. Benjamin, aliyeona kwamba vita na Ford havitashindwa kwa bei bali kwa palizi. Trekta lao jipya, Farmall, lilianza kuuzwa mwaka 1924. Lilikuwa na sura ya kuchekesha. Mwili wake uliinuliwa juu kama kuku aliyelowa miguu. Magurudumu mawili madogo ya mbele yaliwekwa pamoja ili yapite katika nafasi moja baina ya mistari. Na magurudumu makubwa ya nyuma yalitengwa mbali, moja huku na moja kule, mistari miwili ya mahindi ikipita chini ya tumbo bila kuguswa. Hapo ndipo farasi alipoanza kuondoka shambani kweli kweli.

Inafaa mwanafunzi aielewe hesabu yake, kwa kuwa ni nyepesi na ndiyo ufunguo wa mambo yote yanayofuata. Gurudumu sharti lipite katikati ya nafasi iliyo baina ya mstari na mstari. Trekta likipita juu ya mistari miwili, basi nafasi baina ya magurudumu yake yapasa iwe sawa na nafasi ya mistari mara mbili. Mistari ikiachana inchi 40, magurudumu yaachane inchi 80. Mistari ikiwa ya inchi 36, iwe 72. Viazi vya Uingereza, ambavyo kwa desturi matuta yake yaliachana inchi 28, vilitaka 56. Trekta lililofungwa mahali pamoja laweza kumtumikia bwana mmoja tu kati ya hao.

Farmall la kwanza, ingawa nafasi yake ilichaguliwa kwa akili, halikuwa rahisi kubadilishwa. Hatua iliyofuata ilikuja mwaka 1930, kampuni ya Oliver ilipoleta trekta la mistari ambalo gurudumu lake la nyuma liliteleza juu ya ekseli ndefu yenye meno yaliyochongwa kwa urefu wake. Meno hayo hulizuia gurudumu lisizunguke peke yake, lakini hayalizuii kwenda ndani au nje. Ukilegeza bolti, walisukuma hata mahali upendapo, ukakaza tena. John Deere walifanya vivyo hivyo katika trekta lao la Model A mwaka 1934. Njia hiyo haikufa. Matrekta mengi makubwa ya leo yangali na ekseli ndefu zitokazo nje ya gurudumu, na wapita njia hudhani kwamba fundi alisahau kukata chuma kilichozidi.

Mpaka hapo sijataja trela, na ipo sababu. Trekta la magurudumu ya chuma lilikuwa na meno makali ya kushika ardhi, nayo yaliharibu barabara vibaya hata mahali pengi likakatazwa kupita juu yake. Mizigo ya kwenda sokoni ilibaki kuwa kazi ya farasi. Mambo yalibadilika mwaka 1932, kampuni ya Allis-Chalmers ilipoanza kuuza trekta la Model U lenye matairi ya mpira yaliyojazwa upepo. Wakulima hawakusadiki kwamba mpira waweza kushika udongo kuliko chuma, kwa hiyo kampuni ikaenda kwenye maonyesho na kufanya mchezo: mwaka 1933 dereva maarufu wa mashindano, Barney Oldfield, aliliendesha trekta mwendo wa zaidi ya maili 64 kwa saa. Sidhani kama kuna mkulima aliyetaka kwenda mwendo huo akiwa na viazi nyuma yake. Lakini tangu matairi yalipokuja, trekta liliweza kutoka shambani, kuingia barabarani na kufika sokoni bila kubadilisha chochote, na mara trela likawa chombo chake cha kila siku. Ndipo lile swali la magari ya China likarudi: je, gurudumu la nyuma litafuata la mbele?

Aliyelijibu vizuri kuliko wengi ni Harry Ferguson, mwana wa mkulima wa County Down huko Ireland, aliyezaliwa mwaka 1884. Alikuwa fundi mwenye kiburi na macho makali. Tarehe 31 Desemba 1909 aliruka kwa ndege aliyoitengeneza mwenyewe, akawa mtu wa kwanza kuruka nchini Ireland. Wakati wa vita vya kwanza vya dunia alipewa kazi ya kuzunguka akikagua matrekta na majembe yake. Aliyoyaona hayakumpendeza. Jembe lilivutwa nyuma kama gari. Lilipogonga jiwe, trekta liliinua kichwa chake, likapinduka kinyumenyume, na dereva akafa chini yake. Kwa miaka mingi alifanya kazi ya kuliunganisha jembe na trekta kwa mikono mitatu na nguvu ya mafuta yenye shinikizo, viwe kitu kimoja. Mwaka 1936 trekta lake lilianza kuuzwa. Mwaka 1938 alipatana na Ford kwa kupeana mikono tu, bila maandishi, jambo lililoishia mahakamani miaka kumi baadaye. Na mwaka 1946 trekta lake dogo la rangi ya kijivu, TE20, lilianza kutoka katika kiwanda cha Banner Lane, Coventry. Hata mwaka 1956 yalikuwa yametengenezwa zaidi ya 500,000, nayo yalipelekwa pande zote za dunia, Kenya ikiwamo. Edmund Hillary aliyatumia hata kufika ncha ya kusini ya dunia, Januari 1958, ingawa huko theluji ilimlazimisha kuyavisha minyororo ya chuma juu ya magurudumu.

TE20 halikuwa na ekseli ndefu yenye meno. Ferguson alitaka trekta jepesi la bei nafuu kwa mashamba madogo, kwa hiyo alitumia hila ambayo haikuhitaji chuma cha ziada. Gurudumu la nyuma lina sehemu mbili: rimu, inayobeba tairi, na sahani ya chuma iliyo katikati, inayofungwa kwenye ekseli. Sahani hiyo si bapa. Ina tumbo kama bakuli lisilo na kina kirefu. Waweza kuifunga tumbo likitazama ndani au likitazama nje: hizo ni njia mbili. Masikio ya chuma yaliyo ndani ya rimu hayako katikati kabisa, kwa hiyo rimu nayo yaweza kugeuzwa: njia mbili nyingine. Tena sahani yaweza kufungwa upande huu au upande huu wa masikio hayo: njia mbili tena. Mbili mara mbili mara mbili ni nane. Basi mkulima alikuwa na nafasi nane za kuchagua, kuanzia inchi 48 mpaka inchi 76, kila moja ikiizidi iliyotangulia kwa inchi nne. Maana kila gurudumu husogea inchi mbili, na magurudumu ni mawili. Hakuna kilichonunuliwa wala kilichoongezwa. Magurudumu ya mbele nayo yaliweza kutengwa kwa kuvuta vipande vya ekseli ya mbele, iliyopangwa kwa ustadi hata usukani haukuhitaji kurekebishwa upya.

Kueleza ni rahisi. Kutenda kulitaka jasho. Kwanza trela lilifunguliwa, trekta likasimamishwa mahali pagumu palipo sawa, na magurudumu ya mbele yakazuiwa kwa mawe au magogo. Kisha jeki iliwekwa chini ya ekseli, na juu ya jeki halikutumainiwa chuma peke yake. Mtu mwenye akili aliweka gogo nene kuwa mlinzi. Gurudumu la nyuma ni zito, na wakulima wengi walijaza maji ndani ya matairi ili kuongeza uzito wa kushika ardhi, jambo lililolifanya gurudumu kuwa adui wa vidole vya miguu. Tena palikuwa na mtego mmoja uliowanasa wengi. Tairi la trekta lina meno yaliyopangwa kama mshale, na mshale huo sharti uelekee upande mmoja ili udongo utoke na usigande. Ukiligeuza gurudumu zima ndani nje, mshale huelekea kinyume. Dawa yake ni kubadilishana: la kushoto liende kulia, la kulia lije kushoto. Mtu asiyelijua hilo alimaliza kazi ya asubuhi nzima, akaingia matopeni, na trekta likateleza kuliko mwanzo. Na nati zilizokazwa leo zilitaka kukazwa tena baada ya saa chache za kazi, kwa kuwa chuma hujilaza mahali pake kikianza kubeba mzigo.

Trela la Ferguson lilitengenezwa kuwa mwenzi wa trekta hilo. Lilikuwa na magurudumu mawili tu, nayo yaliwekwa nyuma sana kuliko ilivyokuwa desturi, ili sehemu ya mzigo iegemee trekta na kuyagandamiza magurudumu yake ya nyuma. Kwa njia hiyo mzigo ulimsaidia anayeuvuta. Dereva alirudi nyuma, akaishusha kulabu, akaiingiza katika pete ya trela, akaiinua kwa nguvu ya haidroliki bila kushuka kitini. Lakini jambo hili jema lina sharti lake. Ikiwa trekta ni jembamba na trela ni pana, au kinyume chake, mzigo ule ule unaogandamiza huwa mwingi juu ya mistari minne badala ya miwili. Na mahali penye mteremko, kama vile vilima vya Kisii au Nyeri, trekta jembamba lenye mzigo mrefu nyuma yake ni hatari kwa roho ya mtu: kadiri magurudumu yanavyokaribiana, ndivyo linavyopinduka upesi. Kwa kuvuta mzigo, basi, upana ulio sawa na wa trela ndio mwema; lakini kesho yake matuta ya viazi yatadai inchi 56, na palizi ya mahindi itadai nyingine. Mkulima mwenye bidii alibadilisha kwa majira. Wengine, nao ni wengi kuliko wanaokiri, walichagua nafasi moja, wakaridhika nayo mpaka nati zikashikwa na kutu, na siku ile walipotaka kubadilisha wakamwita fundi mwenye moto wa gesi.

Ndiyo maana watu wa Allis-Chalmers, walioleta matairi, walitafuta njia ya kuipa injini kazi hiyo. Trekta lao la WD, mwaka 1948, lilikuwa na rimu zenye reli za chuma zilizopinda kwa mshazari upande wa ndani, kama nyuzi za skrubu kubwa. Mtu hulegeza vibanio, huweka kizuizi mahali anapotaka gurudumu likome, kisha hupanda na kuliendesha trekta taratibu. Tairi hung'ang'ania ardhi, sahani ya katikati huzunguka, na kwa kuwa reli zimekaa mshazari gurudumu hujisokota lenyewe ndani au nje kama nati juu ya bolti. Kazi ya asubuhi nzima ikawa kazi ya dakika chache, na jeki ikabaki bohari. Namna hiyo ya gurudumu ilienea. Hata Massey Ferguson 135, lililotoka mwaka 1964 na kujulikana sana katika mashamba ya Kenya, liliweza kununuliwa nalo, ingawa kwa kuongeza bei, na walio wengi walichukua lile la sahani na bolti.

Farasi alipokwisha kusahauliwa, wakulima walianza kujiuliza kwa nini mahindi yaachane inchi 40. Mwenye kuhitaji nafasi hiyo hakuwapo tena. Tangu miaka ya 1960 mistari ya Marekani ikaanza kusogezwa pamoja mpaka inchi 30. Hapa kwetu mahindi hupandwa mara nyingi kwa mistari ya sentimeta 75, ambazo ni karibu inchi 30 hizo hizo. Mwanafunzi aliyeishika hesabu yetu atajua mara moja kwamba magurudumu yapasa kuachana sentimeta 150, na kwamba ile nafasi ya nne ya Ferguson, yaani inchi 60, inakaribia hapo kabisa. Akiwa na trela la nafasi hiyo hiyo, trekta lake litapalilia na kubeba bila kufunguliwa nati hata moja.

Lakini matrekta hayakubaki madogo. TE20 lilikuwa na uzito wa tani moja na kidogo. Siku hizi yako matrekta ya tani kumi na zaidi, na mashine za kuvunia, zikijaa nafaka, hupita tani ishirini. Udongo unaokanyagwa na uzito huo hufungamana kama tofali: maji ya mvua hayazami, mizizi haishuki. Ikiwa kila mashine ina upana wake, basi baada ya miaka michache hakuna mahali shambani pasipokanyagwa. Katika Australia, kuanzia miaka ya 1990, wakulima wengi wa nafaka waliamua kwamba magurudumu yote ya shamba yapite katika njia zile zile mwaka baada ya mwaka, na mimea iachiwe udongo uliobaki. Hapo wakapambana na swali la mfalme wa Qin: ni upana wa nani utakaokuwa sheria? Mashine ya kuvunia ilikuwa pana, nayo haikuweza kupunguzwa. Basi wakaifuata hiyo. Nafasi ikawekwa meta tatu. Ekseli za matrekta zikarefushwa zifike meta tatu. Na matrela ya kubebea nafaka yakaingizwa karakanani, yakaongezwa chuma huku na huku, mpaka magurudumu yake yakaangukia katika nyayo hizo hizo mbili.